Ronnie James Dio: mwimbaji wa kukodiwa, au mtunzi aliyehama na kalamu yake?

Mgeni_wa_Roki ameuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisikiliza albamu za roki nzito za miaka ya 1970 na 1980, na karibu kila ninakogeuka ninakutana na mtu yuleyule, Ronnie James Dio. Nimemkuta katika bendi ya Rainbow akiwa pamoja na mpiga gitaa Ritchie Blackmore, nimemkuta Black Sabbath akiwa amekalia kiti cha mwimbaji wake wa mwanzo, Ozzy Osbourne, nimemkuta katika bendi iliyobeba jina lake mwenyewe, na mwishoni nikagundua kwamba Heaven & Hell, ambayo nilidhani ni bendi ngeni kabisa, ni watu walewale wa Black Sabbath waliobadilisha kibao cha mlangoni.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ni mpiga gitaa na anapenda kunikumbusha hivyo, anashikilia kwamba Dio alikuwa mwimbaji wa kukodiwa tu. Hoja yake ni kwamba muziki wa Rainbow ni wa Blackmore na muziki wa Black Sabbath ni wa mpiga gitaa wake, Tony Iommi, kwamba Dio alikuja na sauti nzuri akaipamba kazi ya wenzake, na kwamba mtu asiyedumu katika bendi yoyote kwa zaidi ya miaka michache hawezi kuhesabiwa kuwa mmoja wa waliozijenga. Mimi ninahisi hoja hiyo ina kasoro, kwa sababu nikisikiliza albamu za bendi hizi tatu ninasikia kitu kinachofanana ambacho si sauti peke yake, lakini nashindwa kukieleza.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, alichangia nini hasa katika utunzi kila alipokwenda? Pili, kwa nini aliondoka kila alipokwenda? Tafadhali msiniorodheshee albamu bora kumi. Orodha za namna hiyo ninazo nyingi kuliko albamu zenyewe.

Santuri_Kuukuu amejibu:

Ndugu Mgeni, karibu. Rafiki yako hajakosea kuhusu nani alikuwa mwenye bendi. Amekosea kuhusu nani alikuwa mtunzi, na katika roki mambo hayo mawili huchanganywa kila siku, hasa na wapiga gitaa.

Nianze na umri wake, kwa sababu wengi huusahau. Dio alizaliwa tarehe 10 Julai 1942 mjini Portsmouth, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, kwa jina la Ronald James Padavona, akakulia Cortland katika jimbo la New York. Piga hesabu: albamu ya kwanza ya Rainbow ilipotoka mwaka 1975 alikuwa na miaka 33, na alikuwa amekwishacheza katika bendi tangu mwaka 1957, akiwa bado mwanafunzi. Kwa hiyo Blackmore hakumwokota kijana mwenye sauti. Alimchukua fundi aliyekwisha kuiva. Utotoni alijifunza tarumbeta, kisha akashika gitaa la besi, na uimbaji ukaja baada ya hapo. Hakuwahi kuwa na mwalimu wa sauti. Yeye mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba pumzi yake aliijenga kwenye tarumbeta, na ukisikiliza jinsi anavyoishikilia sauti hadi mwisho wa mstari bila kutetereka, hupati sababu ya kumbishia.

Bendi zake za mwanzo nitazipita haraka. Zilikuwapo Ronnie and the Red Caps na Ronnie Dio and the Prophets, halafu mwaka 1967 ikaja The Electric Elves, jina ambalo lilifupishwa kuwa The Elves na hatimaye Elf. Mwaka 1968 walipata ajali ya gari iliyomuua mpiga gitaa wao, Nick Pantas, na kumjeruhi Dio. Walijikusanya wakaendelea, na mwaka 1972 wakatoa albamu yao ya kwanza chini ya usimamizi wa Roger Glover na Ian Paice wa Deep Purple, bendi ambayo Blackmore alikuwa akiipigia gitaa wakati huo, na ambao baadaye waliwachukua Elf kuwafungulia maonyesho katika ziara zao. Ukipata nafasi isikilize albamu hiyo, si kwa sababu ni kazi kubwa, bali kwa sababu itakushangaza: hamna mchawi wala joka. Ni roki ya kuchezeka, iliyojaa piano, na Dio anaimba na kupiga besi kwa wakati mmoja huku akiwa ameandikwa kwa jina lake la ukoo, Padavona. Ninaitaja ili uone kwamba ule ulimwengu wa minara, wafalme na upinde wa mvua hakuzaliwa nao; aliutengeneza baadaye, kwa makusudi, alipopata muziki ulioweza kuubeba.

Muziki huo aliupata kwa Blackmore. Mwanzoni mwa mwaka 1975 Blackmore alikuwa amechoshwa na mwelekeo wa Deep Purple na alitaka kurekodi wimbo mmoja ambao wenzake walikuwa wameukataa. Akawaita Elf wamsaidie. Kilichotoka kilimpendeza kiasi kwamba mradi wa wimbo mmoja uligeuka kuwa albamu nzima, ikarekodiwa Munich, na Elf yote isipokuwa mpiga gitaa wake ikamezwa na Rainbow. Kabla ya albamu ya pili, Blackmore aliwaondoa wote waliotoka Elf, mmoja baada ya mwingine, akabaki na Dio peke yake. Hapo ndipo ningemtaka rafiki yako atulie kidogo. Blackmore alikuwa na jina kubwa la kumwezesha kumpata mwimbaji yeyote aliyemtaka, na hakuwa mtu wa kumwonea mtu haya. Alimbakiza Dio kwa sababu alikuwa amepata mwenzake wa kutunga naye. Tazama maandishi ya albamu ile ya kwanza: nyimbo zote ambazo hazikuazimwa kwa watunzi wengine zimeandikwa majina mawili tu, Blackmore na Dio.

Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa wazi. Blackmore alileta rifu, yaani ile mipigo mifupi ya gitaa inayorudiwarudiwa ambayo wimbo wa roki huegemea, pamoja na mwenendo wa kodi, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja. Dio alileta melodi ya kuimbwa na maneno yote. Watu huyadharau maneno kana kwamba ni rangi inayopakwa nyumba ikiisha kujengwa, lakini chukua wimbo wa "Stargazer" kutoka albamu ya Rising ya mwaka 1976, wimbo wa zaidi ya dakika 8 ambao ndani yake imo okestra nzima ya Munich Philharmonic. Kisa chake ni cha mchawi anayewatumikisha watu wajenge mnara wa mawe ili apande juu yake aruke kwenda kwenye nyota. Mnara unakamilika, mchawi anapanda, anaanguka, anakufa. Mtunzi wa kawaida angesimulia kisa hicho kwa kinywa cha mchawi, maana ndiye mwenye fahari. Dio alimpa kinywa mtumwa aliyebeba mawe. Kwa uamuzi huo mmoja, rifu nzito ya Blackmore inayojirudia bila huruma inaacha kuwa mapambo na inakuwa kazi yenyewe, jua lenyewe, uchovu wenyewe. Tena hakuishia hapo. Upande wa pili wa santuri ile una nyimbo mbili tu, na ule unaofuata, "A Light in the Black", unawafuatilia watumwa walewale baada ya bwana wao kufa, wasijue waelekee wapi. Huo ni utunzi, tena utunzi wa mtu anayefikiri kwa upana wa upande mzima wa santuri.

Kuhusu kuondoka kwake Rainbow nitawaachia wengine, kwa kuwa nikianza sitamaliza.

Besi_ya_Chini amejibu:

Naendelea pale alipoishia Santuri_Kuukuu, na namshukuru kwa kutonipokonya Black Sabbath.

Dio aliondoka Rainbow kuelekea mwaka 1979, baada ya albamu ya Long Live Rock 'n' Roll ya mwaka 1978, na sababu haikuwa siri. Blackmore alitaka nyimbo fupi zinazoweza kupigwa redioni, hasa redio za Marekani, na Dio alisimulia baadaye kwamba aliambiwa aache habari za majumba na mazimwi aandike nyimbo za mapenzi. Alikataa. Ni haki kusema kwamba kwa upande wa biashara Blackmore hakukosea: alimchukua mwimbaji Graham Bonnet, wakaimba "Since You Been Gone", wimbo uliotungwa na Russ Ballard, na mwaka 1979 ukafika nafasi ya 6 katika chati za Uingereza. Lakini tazama jinsi swali lako la pili linavyojibiwa na tukio hilo. Mwimbaji wa kukodiwa akiambiwa aimbe mapenzi huimba mapenzi, kwa sababu hilo ndilo analolipwa. Aliyeondoka pale ni mwandishi aliyekataa kupangiwa mada.

Mwaka huohuo wa 1979 Black Sabbath walimfukuza Ozzy Osbourne, na Tony Iommi akabaki na bendi iliyochoka, yenye madeni ya kisanii ya albamu mbili hafifu mfululizo. Kitu ambacho wengi hawakizingatii ni kwamba katika Black Sabbath ya zamani, mwandishi mkuu wa maneno hakuwa mwimbaji. Alikuwa mpiga besi, Geezer Butler. Ozzy alikuwa na kipaji cha kupata melodi, na mara nyingi melodi yake ilitembea sambamba na gitaa: rifu ikipanda anapanda nayo, ikishuka anashuka nayo. Dio alipoingia, mambo mawili yalibadilika kwa mara moja. Kalamu ilihama kutoka kwa Butler kwenda kwake, na melodi ikaacha kulifuata gitaa.

Hilo la pili ndilo ambalo nadhani unalisikia, ndugu Mgeni, bila kupata jina lake. Dio haimbi juu ya rifu. Anaimba dhidi yake. Gitaa linapokatika, yeye anavuta. Gitaa linapojaza, yeye ananyamaza na kuingia nusu pigo baadaye. Sikiliza wimbo wa "Heaven and Hell" wenyewe, ambao beti zake zinaimbwa juu ya besi inayokwenda mwendo mmoja wa taratibu huku gitaa likiwa limerudi nyuma kabisa, kiasi kwamba muda mrefu mwimbaji ndiye anayeubeba wimbo mabegani. Iommi asingeacha nafasi kubwa namna hiyo kama asingekuwa na mtu wa kuijaza. Wimbo wa kwanza walioutengeneza pamoja walipokutana ni "Children of the Sea", na ndani yake unasikia kitu ambacho Black Sabbath haikuwa nacho kabla: mahali pa upole panapopumua kabla ya uzito kuanguka.

Albamu ya Heaven and Hell ilitoka Aprili 1980, prodyuza akiwa Martin Birch, na ikaifufua bendi iliyokuwa imekwishaandikiwa tanzia. Dio alikuwa na miaka 37. Mpiga dramu Bill Ward aliondoka katikati ya ziara mwaka huohuo, nafasi yake ikachukuliwa na Vinny Appice, ambaye tangu hapo alikuwa kama kivuli cha Dio. Mob Rules ikafuata mwaka 1981, na baada yake ugomvi.

Ugomvi ulihusu albamu ya maonyesho ya jukwaani, Live Evil. Wakati wa kuchanganya sauti studio, Iommi na Butler walifikia kuamini kwamba Dio na Appice walikuwa wakiingia kwa siri kupandisha uimbaji na dramu ili vifunike vyombo vingine. Dio alikana. Siamini kwamba watu wazima wanne huvunja bendi kwa sababu ya vitufe vya mashine. Vitufe vilikuwa kisingizio. Suala lilikuwa lilelile la Rainbow kwa sura nyingine: mtu anayeandika maneno yote na melodi zote anafika mahali anajiona mwenye nyumba, na mwenye hati ya nyumba anamkumbusha kwamba yeye ni mpangaji.

Nikumbushe jambo dogo kabla sijaondoka. Ile alama ya vidole viwili, cha shahada na kidogo, ambayo leo kila shabiki wa roki nzito anainyanyua, Dio aliieneza akiwa Black Sabbath. Ozzy alikuwa na alama yake ya vidole ya amani na Dio hakutaka kumuiga, akakumbuka ishara ambayo bibi yake mwenye asili ya Italia alikuwa akiitumia kukinga kijicho. Hakudai kuivumbua. Aliichukua nyumbani akaipeleka kazini, kama alivyofanya na mambo mengi.

Mgeni_wa_Roki ameuliza tena:

Nawashukuru sana nyote wawili. Hili la kuimba dhidi ya rifu limenifungua masikio. Nimerudia "Children of the Sea" mara nne jana usiku na sasa siwezi kutolisikia.

Lakini limenizalia swali jingine. Ikiwa tatizo lake lilikuwa upangaji katika nyumba za watu, basi mwaka 1983 alijenga yake, akaipa jina lake. Mbona na huko wanamuziki waliingia na kutoka? Rafiki yangu amenitumia majina ya wapiga gitaa waliopita katika bendi ya Dio, na amefurahi mno.

Kinanda_Kimya amejibu:

Rafiki yako ana haki ya kufurahi kidogo, na mimi, ambaye nampenda Dio kuliko wote waliotajwa hapa, nadhani upande huu wa hadithi unapaswa kuelezwa bila kupambwa.

Baada ya kuondoka Black Sabbath, Dio na Appice walimchukua Jimmy Bain, mpiga besi aliyecheza kwenye Rising, pamoja na kijana wa miaka 20 kutoka Belfast, Vivian Campbell. Holy Diver ilitoka Mei 1983, Dio akiwa na miaka 40, umri ambao katika biashara hii wengi hushauriwa kustaafu. Wimbo uliobeba jina la albamu aliutunga peke yake, maneno na muziki, jambo ambalo linapaswa kumnyamazisha yeyote anayesema hakuwa mtunzi kamili. Lakini wimbo uliopendwa zaidi redioni, "Rainbow in the Dark", umeandikwa majina ya wote wanne, na mwenyewe hakuupenda; aliuona umeegemea mno upande wa pop, na nusura usiwemo. Mtunzi si lazima awe hakimu mzuri wa kazi yake.

The Last in Line ikatoka mwaka 1984 na Sacred Heart mwaka 1985, na katika mwaka huo wa 1985 Bain na Campbell walibuni wazo la kuwakusanya wanamuziki wa roki nzito wapatao 40 kwa jina la Hear 'n Aid, ili wachangie waathirika wa njaa barani Afrika. Wimbo wa "Stars" waliuandika watatu: Dio, Bain na Campbell. Ninautaja kwa sababu unaonyesha bendi ile ilivyokuwa ikifanya kazi vizuri pale ilipokuwa bendi.

Mwaka 1986 Campbell akatoka kwa ugomvi. Amesema hadharani mara nyingi kwamba wanamuziki waliahidiwa hisa katika mapato ya bendi baada ya kuijenga pamoja, na kwamba ahadi hiyo haikutimizwa. Wao walibaki kulipwa mshahara huku jina, mikataba na usimamizi vikiwa mikononi mwa Dio na mkewe Wendy, ambaye ndiye aliyekuwa meneja. Upande wa pili uliona mambo vingine, na maneno makali yalirushwa kutoka pande zote mbili kwa miaka. Sitahukumu. Ninachokiona ni kwamba Dio aliyekuwa mpangaji kwa Blackmore na kwa Iommi alijifunza somo moja kutoka kwao, kwamba jina ndilo hati ya nyumba, na alipopata yake akaliweka jina kwenye mlango kwa herufi kubwa. Akawa mwenye nyumba kama wale aliowakimbia, labda mpole zaidi, maana wengi waliofanya kazi naye walimsifu kwa utu na mashabiki aliwakumbuka kwa majina. Lakini mwenye nyumba ni mwenye nyumba.

Baada ya Campbell alikuja Craig Goldy kwa albamu ya Dream Evil ya mwaka 1987, kisha Rowan Robertson, kijana Mwingereza aliyekuwa bado hajafikisha miaka 20, kwa Lock Up the Wolves ya mwaka 1990. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likaniletea lawama: albamu hizi zinaonyesha mipaka ya kalamu yake. Alipokuwa na Blackmore au Iommi mbele yake, mtu mwenye nguvu sawa na zake anayeweza kusema hapana, misamiati yake ya moto, usiku, macho na upinde wa mvua ilipata upinzani na ikanolewa. Alipokuwa peke yake kama bosi, ilianza kujizungusha.

Santuri_Kuukuu amejibu:

Ndugu Kinanda, kuhusu mikataba sina ubishi nawe. Kuhusu kalamu ninao.

Umesahau kwamba alijua. Mwaka 1992 alirudi Black Sabbath wakatoa Dehumanizer, na huko hakuna joka hata moja. Kuna mashine za kompyuta zinazoabudiwa na mahubiri ya runinga, maneno makavu ya mtu aliyekasirika na wakati wake. Mwaka 1993 akaendelea hivyohivyo na bendi yake katika Strange Highways, albamu ngumu na ya giza ambayo mashabiki wengi waliikwepa kwa sababu haikuwa Holy Diver ya pili. Unaweza kusema mabadiliko hayo hayakumfaa, lakini huwezi kusema alikuwa akijizungusha. Alipogeukia tena visa vya kubuni, mwaka 2000, ilikuwa kwa Magica, albamu nzima inayosimulia hadithi moja mwanzo hadi mwisho, na ndani yake anaisoma hadithi hiyo kwa sauti yake mwenyewe bila kuimba.

Tena, kwa kuwa mada ni kuondoka, Dehumanizer ndiyo inayotupa kuondoka kulikokuwa wazi kuliko kote. Novemba 1992 Ozzy alipanga maonyesho mawili ya kuaga huko Costa Mesa, California, na Black Sabbath wakakubali kumfungulia. Dio alikataa kupanda jukwaani kama utangulizi wa mtu ambaye nafasi yake ndiyo aliyokuwa akiishika, na maonyesho hayo akayaimba Rob Halford wa Judas Priest. Wengine waliita kiburi. Mimi naona kwamba kila alipoondoka alikuwa ameambiwa jambo moja, kwa maneno tofauti: kwamba kazi yake ilikuwa ya muda.

Besi_ya_Chini amejibu:

Nakubaliana na nusu ya kila mmoja wenu, kisha naongeza kilichosahaulika, yaani jinsi mambo yalivyotengenezwa mwishoni.

Mwaka 2006 Iommi, Butler, Appice na Dio walikutana kwa ajili ya mkusanyiko wa nyimbo zao za zamani, wakaandika nyimbo tatu mpya, na kazi hiyo ikawapendeza kiasi cha kufunga safari ya ziara. Kufikia hapo Black Sabbath lilikuwa tena jina lililohusishwa na Ozzy na wenzake wa mwanzo, kwa hiyo wanne hawa wakajiita Heaven & Hell, kwa jina la albamu ya mwaka 1980. Watu waliliona kama suala la kisheria tu. Kwangu lilikuwa na maana zaidi: kwa mara ya kwanza Dio alisimama karibu na Iommi chini ya jina ambalo halikuwa la Iommi wala la kwake, bali lilitokana na kitu walichokitengeneza pamoja. Hapakuwa na mpangaji.

Albamu yao, The Devil You Know, ilitoka Aprili 2009. Dio alikuwa anakaribia miaka 67 na sauti ilikuwa imeshuka kidogo na kuwa nzito zaidi, lakini sikiliza "Bible Black", jinsi anavyoanza karibu kwa kunong'ona juu ya gitaa lisilo na umeme, halafu bendi nzima inaporomoka na yeye haongezi mwendo hata kidogo. Ni hila ileile ya "Children of the Sea", miaka 29 baadaye.

Onyesho lao la mwisho lilikuwa Atlantic City, tarehe 29 Agosti 2009. Novemba ya mwaka huo ilitangazwa kwamba ana saratani ya tumbo, na akafariki Houston, Texas, tarehe 16 Mei 2010.

Mgeni_wa_Roki amejibu:

Nimemsomea rafiki yangu mjadala huu wote kwa simu. Kuhusu Campbell alishangilia, kuhusu wimbo wa "Holy Diver" kutungwa na mtu mmoja alinyamaza, na kuhusu melodi isiyofuata gitaa alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa mkopo, kwamba ni jambo ambalo wapiga gitaa hawafundishwi kulisikiliza. Ameniomba nimwazime Rising kwa siku mbili. Nimempa, kwa sharti kwamba aanze na upande wa pili, na kwamba mara ya kwanza asishike gitaa.